Uzi: Ankara ya umeme au gesi isiyoeleweka, jadili uniti kwanza na fedha baadaye

MLETA MADA

Wakuu, malalamiko mengi kuhusu ankara za umeme na gesi hukwama kwa sababu mlalamikaji huanza na fedha. Hupiga simu au hufika dirishani na kusema kwamba ankara ni kubwa mno. Mhudumu hutazama kompyuta, humjibu kwamba ndivyo mfumo unavyoonyesha, na shauri huishia hapo. Ukubwa wa ankara peke yake si hoja, kwa kuwa hakuna anayeweza kuuthibitisha wala kuukanusha. Deni unaloandikiwa linatokana na mambo matatu: uniti zilizohesabiwa, bei iliyotumika pamoja na tozo zake, na malipo yaliyoingizwa kwenye akaunti yako. Kosa lolote litakuwa ndani ya moja kati ya hayo, na kila moja lina ushahidi wake. Anayeweza kusema kosa liko wapi husikilizwa tofauti kabisa na anayesema tu kwamba ameonewa.

Anza na mita. Ankara iliyo kamili huonyesha usomaji uliopita na usomaji wa sasa, na tofauti yake ndiyo uniti unazotozwa. Simama mbele ya mita ukiwa na ankara mkononi na ulinganishe kwanza namba ya mita yenyewe, ile iliyochapwa kwenye uso wake, na namba iliyoandikwa kwenye ankara. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto, lakini katika majengo yenye wapangaji wengi mita hupandwa ubaoni kwa mstari, na si ajabu mita ya mpangaji mmoja kusajiliwa kwa jina la mwingine tangu siku ilipofungwa. Namba zikitofautiana, umeshapata shauri lako na huna haja ya kuendelea na hatua nyingine.

Namba zikilingana, soma mita. Kama leo inaonyesha tarakimu ndogo kuliko usomaji ulioandikwa kwenye ankara ya wiki iliyopita, basi usomaji ule haukutoka kwenye mita hiyo, maana mita ya nyumba isiyozalisha umeme wake hairudi nyuma. Piga picha inayoonyesha kwa pamoja namba ya mita na usomaji. Picha hiyo moja hufanya kazi ambayo simu nyingi za kulalamika haziwezi kuifanya.

Kisha tazama kama usomaji ni halisi au ni wa makadirio. Karibu kila kampuni huweka alama kando ya usomaji, herufi au neno, na maana yake huelezwa nyuma ya ankara kwa maandishi madogo. Makadirio si wizi. Hutumika pale msoma mita aliposhindwa kuingia uani au mita inayotuma taarifa yenyewe ilipopoteza mawasiliano. Ubaya wake hujitokeza siku usomaji halisi unapopatikana, kwa sababu uniti zote zilizokuwa hazijahesabiwa huangukia ankara moja.

Hapo ndipo penye kosa ambalo wengi hulilipa bila kulijua. Mahali ambapo bei hupanda kwa madaraja, uniti za mwanzo za mwezi huwa nafuu na zinazozidi kiwango fulani huwa ghali. Tuseme daraja la nafuu linaishia uniti 100 kwa mwezi, na nyumba yako hutumia uniti 80 kila mwezi bila kubadilika. Kampuni ikakadiria uniti 50 kwa miezi mitano mfululizo, mwezi wa sita usomaji halisi utaonyesha kwamba umetumia uniti 480 kwa jumla, wakati zilizokwisha kutozwa ni 250. Ankara ya mwezi wa sita itakuja na uniti 230, na kati ya hizo 130 zitatozwa kwa bei ya daraja la juu, ingawa hakuna hata mwezi mmoja ambao nyumba hiyo ilivuka 100. Uniti ni za kweli, mita ni nzima, lakini fedha si sahihi. Katika hali hii usiseme kwamba hukutumia umeme huo, kwa sababu uliutumia. Omba uniti zitawanywe katika miezi yote sita na kila mwezi upigiwe hesabu kwa madaraja yake.

Karibuni wenye uzoefu tofauti, na wenye maswali.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimefanya kazi ya usomaji wa mita kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza machache kuhusu usomaji wenyewe, kwa sababu makosa mengine hayatoki kwenye kompyuta hata kidogo.

Mita za zamani zenye saa ndogo na mishale huwachanganya wasomaji wapya na wenye nyumba pia. Saa zinazofuatana huzunguka pande zinazopingana: moja inakwenda kulia, inayoifuata inakwenda kushoto. Mshale ukiwa kati ya namba mbili, chukua ile ndogo. Ukiwa kati ya 9 na 0, chukua 9. Kwenye mita za tarakimu, sehemu ya desimali hutengwa kwa rangi nyekundu au kwa mstari, na haihesabiwi katika uniti kamili. Msomaji akiichukua kimakosa, usomaji huongezeka mara kumi. Kosa la aina hiyo hujionyesha lenyewe kwa ukubwa wake, kwa hiyo ukiona uniti za mwezi zimeruka mara kumi hivi, tazama mkao wa tarakimu kabla ya kumshuku jirani.

Kosa jingine ni la mita iliyozeeka. Mita yenye tarakimu tano ikifika 99999 huanza tena 00000, na mfumo usiotambua kwamba imezunguka unaweza kudhani usomaji umeingizwa vibaya, ukakataa, na kuendelea kukadiria mwezi baada ya mwezi. Mteja hupeleka usomaji sahihi kila mara na kila mara unatupwa. Ukikutana na hali hiyo, usipeleke usomaji mwingine. Andika wazi kwamba mita imekamilisha mzunguko na uombe ankara irekebishwe na mtu badala ya mfumo.

Tena, jamani, msiwafungulie mbwa wasoma mita halafu mkalalamikia makadirio.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa maelezo, ila umezungumzia umeme zaidi. Mimi natumia gesi ya bomba, na ankara yangu ina hesabu ambazo sizielewi: mita inahesabu ujazo lakini ninatozwa kwa kilowati-saa. Je, huo si mwanya wa kunitoza wanachotaka?

MLETA MADA

Si mwanya, ingawa panastahili kuangaliwa. Mita ya gesi hupima ujazo, lakini unachonunua ni joto, na joto linalopatikana katika mita moja ya ujazo hutegemea mchanganyiko wa gesi iliyomo bombani. Ndiyo maana kampuni huzidisha ujazo kwa kipimo cha joto cha gesi, hurekebisha kidogo kwa ajili ya shinikizo na halijoto, kisha hubadili jibu kuwa kilowati-saa. Kilowati-saa moja ni megajuli 3.6. Kwa gesi asilia ya kawaida, mita moja ya ujazo hutoa takriban kilowati-saa 11. Gawanya kilowati-saa za ankara yako kwa mita za ujazo ulizotumia. Jibu likiwa karibu na 11, hesabu ya kubadili vipimo haina tatizo.

Jibu likikaribia 31, kuna kosa mahususi linalojulikana. Zipo mita za zamani zinazopima kwa mamia ya futi za ujazo, na nyingine zinazopima kwa mita za ujazo. Futi 100 za ujazo ni sawa na mita 2.83 za ujazo. Mita yako ikiwa ya aina ya pili lakini mfumo umeiandika kuwa ya aina ya kwanza, kila ankara hupanda hadi karibu mara tatu ya stahili yake, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka kwa kuwa mteja hana ankara sahihi ya kulinganisha. Kosa la kinyume nalo lipo, na hilo halilalamikiwi na mtu. Alama ya kipimo huchapwa kwenye uso wa mita, pembeni ya tarakimu. Ipige picha pamoja na namba ya mita.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi naona mnazunguka. Mita za kielektroniki za siku hizi hazikosei. Mtu anaacha hita ya maji usiku kucha halafu anatafuta mchawi.

MLETA MADA

Mkuu, nusu ya kwanza ya hoja yako siikubali. Nusu ya pili ina ukweli mwingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Mita za nyumbani hutengenezwa kwa viwango vya usahihi, na kwa kawaida kosa linaloruhusiwa ni asilimia 1 au 2. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi walichapisha majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba baadhi ya mita za kielektroniki, zikiunganishwa na taa zenye vipunguza mwanga na vifaa vingine vinavyokata mkondo kwa kasi, zilisoma zaidi ya matumizi halisi, na usomaji uliopotoka kuliko yote ulizidi kwa asilimia 582. Nyingine zilisoma pungufu. Ile ilikuwa hali ya maabara iliyoteuliwa kwa makusudi, na hakuna anayepaswa kuichukua na kudai kwamba mita yake nayo imezidisha mara saba. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kauli ya kuwa mita haikosei si jibu, na kampuni ikikujibu hivyo una haki ya kuomba kipimo.

Kabla ya kuomba, jipimie mwenyewe, kwa kuwa sehemu nyingi hutoza ada ya kupima mita na huirejesha tu mita ikionekana na kasoro. Kwanza zima swichi kuu ya nyumba na utazame mita kwa muda wa kutosha. Taa ya mita ikiendelea kupepesa au usomaji ukiendelea kupanda, ama mita ina hitilafu ama kuna waya unaochukua umeme kabla ya swichi yako, na hapo huenda unalisha nyumba nyingine. Kama mita imetulia kabisa, uvujaji huo haupo. Jirani mwenye nia njema akizima swichi yake huku wewe ukitazama mita yako, mtajua pia kama mita zimebadilishana.

Pili, washa kifaa kimoja tu ambacho nguvu yake unaijua. Uso wa mita huandikwa idadi ya mipepeso kwa kila kilowati-saa, na 1000 ni idadi ya kawaida. Birika la wati 2000 lililojaa maji baridi likiwaka kwa dakika tatu hutumia sehemu moja ya kumi ya kilowati-saa, kwa hiyo taa ipepese mara 100 hivi. Pasi haifai kwa kipimo hiki kwa sababu hujizima na kujiwasha yenyewe. Usihangaike na tofauti ndogo: nguvu ya birika hubadilika pamoja na volteji, na volteji ikishuka kwa asilimia 10, nguvu hushuka kwa asilimia 19. Unachotafuta ni tofauti kubwa, mipepeso 150 mahali pa 100.

Mita ikifaulu majaribio yote mawili, basi rudi kwenye hita ya maji ya huyu ndugu. Kidhibiti joto kilichokwama, au bomba la maji ya moto linalovuja chini ya sakafu, huchota umeme mchana na usiku bila mtu kuwasha chochote, na mita huhesabu kwa uaminifu kabisa.

MCHANGIAJI WA NNE

Wakuu, mimi natumia mita ya kulipia kabla, na matatizo yetu ni tofauti. Nanunua kwa fedha ileile kila mara, lakini uniti zinabadilika. Pia nina nyumba niliyoifunga kwa muda mrefu, na sasa mita yake inakataa kila tokeni ninayoingiza.

MLETA MADA

Haya ni maswali mawili na yana majibu tofauti.

Kuhusu uniti kubadilika, risiti ndiyo ankara yako, kwa hiyo isome mstari kwa mstari. Fedha hugawanywa kabla ya kugeuzwa uniti: kodi, tozo ya kudumu, na sehemu ya deni la nyuma kama lipo. Tozo ya mwezi ambao hukununua chochote mara nyingi hungoja, na ununuzi wako wa kwanza baada ya ukimya huzibeba tozo zote zilizolimbikizwa. Mahali penye madaraja ya bei, ununuzi wa pili wa mwezi hutoa uniti chache kuliko wa kwanza kwa fedha ileile. Kama kuna mstari wa deni, uliza deni hilo lilitoka wapi na limebaki kiasi gani. Wapo wapangaji wanaokatwa kila wanaponunua kwa ajili ya deni la mtu aliyehama kabla yao.

Kuhusu nyumba iliyofungwa, nadhani najua kilichotokea. Mita nyingi za tokeni duniani hufuata kiwango kimoja cha kimataifa kinachotumia tokeni za tarakimu 20, na ndani ya kila tokeni kuna muda uliohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, na kila mita ya aina hiyo iliyokuwa bado kwenye hesabu ya zamani ilipaswa kuingiziwa kabla ya hapo tokeni maalumu za kubadili ufunguo (siri ya ndani ambayo mita hutumia kuzitambua tokeni zake), kwa kawaida mbili kwa kufuatana. Nyumba ikiwa imefungwa wakati huo, hakuna aliyeziingiza. Mita yako haijaharibika na fedha yako haijapotea. Omba kampuni ikupe tokeni za kubadili ufunguo za namba ya mita hiyo, uziingize kwa mpangilio ulioelekezwa, ndipo uingize ya uniti. Usiendelee kujaribu tokeni ileile kwa hasira, kwa kuwa mita nyingi hujifunga kwa muda zikiingiziwa tarakimu zisizokubalika mara nyingi.

MCHANGIAJI WA TANO

Naomba tuzungumzie malipo yenyewe. Nililipa kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ninao, lakini ankara iliyofuata imeleta deni lote pamoja na onyo la kukatiwa. Mhudumu anasema hawaioni fedha hiyo. Nilipe tena ili nisikatiwe?

MCHANGIAJI WA SITA

Ndugu yangu, nimefanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya huduma za nyumbani, naomba nikujibu mimi.

Tazama kwanza tarehe. Ankara hufungwa siku fulani, na malipo yaliyoingia baada ya siku hiyo huonekana kwenye ankara inayofuata. Kama ulilipa siku moja au mbili kabla ya ankara kuchapwa, huenda hakuna tatizo lolote isipokuwa hesabu mbili zilizopishana.

Kama sivyo, fedha yako imo katika mojawapo ya hali tatu. Haijatoka kwa mtoa huduma wa malipo. Au imefika kwenye kampuni lakini kumbukumbu yake haikulingana na akaunti yoyote, hivyo imewekwa kwenye akaunti ya kusubiri pamoja na fedha nyingine zisizo na mwenyewe. Au imeingia kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa sababu tarakimu moja ilikosewa. Mhudumu wa simu kwa kawaida huona akaunti yako peke yake, kwa hiyo akisema haioni fedha hiyo anasema kweli, na haina maana kwamba kampuni haikuipokea. Usimwulize kama anaiona. Mwombe apeleke idara ya mapato namba ya muamala, tarehe, kiasi kamili, na namba ya akaunti kama ilivyoandikwa siku ya kulipa, hata kama iliandikwa vibaya. Hayo ndiyo watakayotafutia.

Ujumbe wa simu ni mwanzo mzuri, lakini taarifa ya akaunti kutoka benki au kampuni ya simu ina uzito zaidi, kwa sababu inaonyesha pia kwamba fedha haikurudishwa. Mara nyingine muamala huthibitishwa kisha ukafutwa baadaye kimyakimya. Pata taarifa hiyo kabla ya kulipa mara ya pili. Fedha iliyokwenda kwa mteja mwingine ndiyo ngumu zaidi kurudisha, hasa kwa mita za kulipia kabla, maana uniti zinaweza kuwa zimekwisha kutumika.

MLETA MADA

Namshukuru sana mhasibu wetu. Naongeza kuhusu onyo la kukatiwa, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea kwa kuchagua kati ya kulipa yote na kutolipa chochote. Mgogoro ukihusu sehemu ya ankara, lipa ile sehemu usiyoipinga, kwa wakati, na uandike kwamba unailipa ukiwa unapinga iliyobaki. Kama kawaida yako ni uniti 80 na umeandikiwa 310, lipia 80. Kampuni hupata shida kumkata mteja anayelipa matumizi yake ya kawaida na ana malalamiko yaliyosajiliwa, na mdhibiti akija kulitazama shauri ataona mtu anayebishana kuhusu hesabu wala hakimbii deni.

Malalamiko yawe kwa maandishi na yapewe namba. Simu ni nzuri kwa kuuliza. Haifai kwa kulalamika, isipokuwa kama unaandika jina la idara, tarehe na namba ya kumbukumbu. Barua isizidi ukurasa mmoja. Yafuatayo yanatosha, na kila mtu ajaze ya kwake:

"Akaunti namba …, mita namba …. Ninapinga ankara ya tarehe … kwa sababu usomaji wa sasa uliotumika ni …, wakati mita ilionyesha … tarehe …, kama picha iliyoambatishwa inavyothibitisha. Ninaomba ankara hiyo ifutwe na itolewe nyingine inayofuata usomaji halisi, uniti zikitawanywa katika miezi husika. Nimelipa kiasi cha … ambacho sikipingi. Ninaomba akaunti isikatiwe huduma wala kutozwa faini ya kuchelewa hadi shauri hili litakapojibiwa kwa maandishi. Tafadhali nipeni namba ya malalamiko haya."

Hakuna neno la hasira humo, na hakuna historia ya maisha. Nimesoma barua za kurasa nyingi ambazo namba ya mita haimo.

Usipojibiwa, au ukijibiwa kwamba mfumo ndivyo unavyoonyesha, nchi nyingi zina mdhibiti wa nishati au msuluhishi anayepokea mashauri ya namna hii, naye karibu kila mara atauliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe na lini. Namba ya malalamiko ndiyo jibu lako. Uliza pia kama sheria ya kwenu ina ukomo wa kudai uniti za zamani. Uingereza, kwa mfano, mdhibiti wake, Ofgem, aliweka kanuni iliyoanza Mei 2018 inayomzuia muuzaji kumtoza mteja wa nyumbani kwa matumizi ya zaidi ya miezi 12 iliyopita iwapo kosa la kutotoza halikuwa la mteja. Si kila nchi ina kanuni kama hiyo, lakini kuuliza hakugharimu kitu.

MCHANGIAJI WA SABA

Na yule anayeambiwa amechezea mita? Kwangu walikuja mafundi, wakasema lakiri imekatika, wakataka nisaini fomu palepale.

MLETA MADA

Saini tu kwamba umepokea fomu au kwamba ulikuwepo, na uandike maneno hayo kwa mkono wako kando ya saini. Usisaini fomu inayosema unakiri. Kabla mita haijang'olewa, piga picha ya lakiri, ya usomaji wa mwisho na ya namba ya mita, kisha uombe mita ifungwe kwenye mfuko wenye lakiri na namba mbele yako, na uarifiwe siku itakapopimwa ili uhudhurie au utume mtu. Mita iliyochukuliwa wazi, ikakaa garini na kufunguliwa baadaye bila wewe kuwepo, ni ushahidi dhaifu, na hoja hiyo uiandike mapema kabla matokeo hayajatoka. Lakiri iliyokatika inaonyesha kwamba mita ilifunguliwa. Haionyeshi nani aliifungua wala lini, hasa kama mita iko nje ya nyumba. Dai lao la fedha nalo lichunguzwe: wamekadiria uniti ngapi, kwa kipindi gani, na kwa nini kipindi hicho? Historia ya matumizi yako ikiwa haikushuka tarehe yoyote, ni vigumu kueleza wizi ulianza lini.

Mwenye paneli za jua naye ajihadhari na jambo linalofanana na hilo. Mita ya zamani ya sahani inaweza kurudi nyuma umeme unapotoka nyumbani kwenda kwenye gridi, na hilo huonekana kama uchezeaji. Baadhi ya mita za kielektroniki hufanya kinyume: huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, na mwenye paneli akatozwa umeme alioutoa mwenyewe. Kampuni iarifiwe kwa maandishi kabla paneli hazijaunganishwa.

MCHANGIAJI WA NANE

Mimi sina ubishi na ankara, mkuu. Uniti nilizitumia, ila sina uwezo wa kulipa zote kwa mara moja. Hapo nako kuna ushauri?

MLETA MADA

Upo. Wasiliana nao kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu wengi hupatana kwa urahisi zaidi na deni ambalo halijaingia kwenye orodha ya kukatwa. Usikubali kiwango cha awamu kwa sababu tu mhudumu amekitaja. Mpango ukivunjika mara moja, mara nyingi deni lote hudaiwa papo hapo na mpango wa pili huwa mgumu kupatikana. Awamu ihesabiwe juu ya matumizi ya kila mwezi yanayoendelea, maana wapo wanaolipa deni la zamani kwa uaminifu huku wakitengeneza jipya. Uliza kama kuna riba, na upate makubaliano kwa maandishi. Kama nyumbani yupo mgonjwa anayetegemea kifaa cha umeme, au mtoto mchanga, au mzee, liseme mapema na kwa cheti cha daktari pale inapohusika. Kampuni nyingi hutunza orodha ya wateja wa aina hiyo, lakini haziwezi kumwingiza mtu ambaye hawajaambiwa habari zake.

Na ujumbe wowote unaokutaka ulipe ndani ya saa chache kwa namba tofauti na ile iliyo kwenye ankara yako ya karatasi, ufute. Matapeli hupenda sana msimu wa madeni.

MCHANGIAJI WA NNE

Swali la mwisho, mkuu. Nyumba ile niliyoifunga nataka kuipangisha. Nifanye nini ili deni la mpangaji lisibaki kwangu, na lile salio langu la zamani la akaunti ya ankara nilirudishiwe?

MLETA MADA

Siku ya kukabidhi ufunguo, wewe na mpangaji simameni mbele ya mita, pigeni picha ya usomaji, muuandike kwenye mkataba na wote wawili msaini. Siku hiyohiyo peleka usomaji huo kwa kampuni ukiomba ankara ya mwisho kwa jina lako na akaunti mpya kwa jina la mpangaji. Kuna mahali deni humfuata mtu na mahali deni hufuata mita. Kama kwenu ni mita, dhamana ya mpangaji isirudishwe hadi ankara yake ya mwisho ionekane imelipwa.

Salio halirudi lenyewe. Akaunti ikifungwa bila maelekezo, fedha hubaki humo na mara nyingi hakuna anayekutafuta. Katika barua ya kufunga akaunti andika namba ya benki unayotaka fedha iingizwe, uombe taarifa kamili ya akaunti inayoonyesha salio hilo, na utaje anwani yako mpya, kwa kuwa hundi nyingi za marejesho hutumwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.